Kabla Hujanipa Pesa

Usihesabu kwanza. Rudisha noti mfukoni, Shaame,
kaa hapa kwenye ubao wa kati nikwambie unachonunua.

Dau hili dhiraa tisa. Linavuja pale, chini ya kidole changu,
si sana; pamba na sifa nilitia mwezi wa Rajabu.
Lakini kopo la kufulia maji lisikae mbali na goti lako.
Nimelifunga kamba, na watu hucheka: kopo kufungwa kama mbuzi!
Siku utakayolihitaji ndiyo siku nalo litataka kuelea.

Sasa tazama kule, mbele ya mikoko,
yanavyochemka bila moto.
Maji yanatoka, upepo wa kusi unaingia,
wanakutana mlangoni kama mawifi wawili na jiko moja.
Usipite kati yao. Ngoja maji yasimame.
Kisiwa Panza hakitahama kwa saa mbili.

Yakikukuta njiani, basi yamekukuta.
Wimbi usilipe ubavu.
Lipe omo, tena si uso kwa uso, upande kidogo,
kama apitaye mlango mwembamba na tenga kichwani.
Likikupandisha, legeza kasia. Likikushusha, lishike.
Wala usilitukane, utapoteza pumzi.

Wimbi la nyuma ndilo lenye hila.
Linakusukuma, unajiona hodari,
unaanza kufikiria chai,
kumbe tezi inanyanyuka, omo inachimba,
na dau linataka kugeuka likuone uso.
Buruza kitu nyuma: kamba ndefu, ndoo,
mimi niliwahi kuburuza kanga mbili zilizofungwa ncha.
Zilichanika. Tulifika.

Mizigo chini, katikati. Watu vilevile.
Mwalimu mkuu naye akae chini na suruali yake ya pasi,
bahari haijui cheo cha mtu.
Watano, Shaame. Wa sita atakwambia ana mgonjwa
na kweli anaye.
Mwambie utarudi, kisha urudi.

Lililobaki nilitaka kukuachia ulijue mwenyewe.
Bikombo kanikataza.

Mwaka juzi, Jumanne, tulikuwa wanne
na magunia saba ya mwani mkavu. Matano yalitosha.
Nilihesabu bei, sikuhesabu
vidole vingapi vya ubao vilivyobaki juu ya maji.
Palepale unapopaona
dau likalala, likageuka, likabaki limeelea tumbo juu
kama kasa aliyepinduliwa.
Tukalishika: mimi, Bikombo, mtoto wa Faki,
na ndugu yangu Mbwana, aliyetushinda wote kuogelea.

Pwani ilikuwa karibu. Niliona nguo kwenye kamba,
niliona hata ndoo, ya kijani, na mpini wake.
Mbwana akasema, "Hapo tu."
Nikamwambia, shika.
Akasema, "Naenda kuita watu."

Watu walikuja.
Si yeye aliyewaita.

Dau halikuzama. Hilo ndilo ninalokuuzia;
mbao ni mbao, hata mlango una mbao.
Likipinduka, usiliache.
Pwani iwe karibu kiasi cha kunusa mchuzi, usiliache,
wewe na uliowapakia.

Inama, pitisha mkono chini, huku mkukuni.
Umevigusa? Vitanzi vinne vya kamba, vya kushikia.
Nilivipigilia mwenyewe, na misumari haikukaa sawa.
Vitakwaruza mchanga kila ukilivuta kulipandisha,
utatamani kuvikata.
Usivikate.

Haya, hesabu sasa. Taratibu, niione kila moja.
Na hiyo elfu tano iliyochanika, bwana,
siitaki.